Maswali Yenu: Noti za Kale za Uingereza

Safu hii imepokea barua nyingi kuhusu noti za Uingereza kuliko noti za nchi nyingine yoyote. Sababu zake zinaeleweka: noti hizo zilifika kwetu kwa mabaharia, kwa askari waliopigana vita vya pili vya dunia, kwa wanafunzi waliorudi kutoka London, na nyingi bado zimelala ndani ya misahafu, Biblia na mikebe ya biskuti. Tumechagua maswali manane. Mengine yanafanana, tumeyajibu kwa pamoja.

SWALI: Baba yetu alikuwa baharia. Ametuachia noti nne: pauni moja ya bluu yenye saini K. O. Peppiatt, shilingi kumi ya zambarau yenye saini hiyo hiyo, pauni moja ya kijani yenye sura ya Malkia na saini L. K. O'Brien, na pauni moja ndogo yenye picha ya Newton. Hakuna hata moja iliyoandikwa mwaka. Tutajuaje ni za lini, na zina thamani gani? (Msomaji, Tanga)

Mwaka wenyewe umejificha kwenye saini. Kila noti ya Benki Kuu ya Uingereza, Bank of England, hubeba saini ya Keshia Mkuu aliyekuwa kazini, kwa hiyo orodha ya makeshia ndiyo kalenda ya mkusanyaji. Iandikeni kwenye kadi muiweke karibu: Mahon 1925 hadi 1929, Catterns hadi 1934, Peppiatt hadi 1949, Beale hadi 1955, O'Brien hadi 1962, Hollom hadi 1966, Fforde hadi 1970, Page hadi 1980, Somerset hadi 1988, Gill hadi 1991, Kentfield hadi 1998.

Saini peke yake haitoshi, kwa sababu keshia mmoja alitia saini noti za sura mbalimbali. Peppiatt ndiye anayewachanganya wengi. Alianza na pauni ya kijani iliyorithiwa kutoka 1928. Vita vilipoanza, Waingereza waliogopa kwamba Ujerumani ingewamwagia noti bandia. Machi 1940 pauni ikabadilishwa rangi ikawa ya bluu, na Aprili shilingi kumi ikawa ya zambarau. Ndani ya karatasi ukatiwa uzi mwembamba wa chuma, jambo lililokuwa jipya kabisa. Noti zenu mbili za Peppiatt ni za kipindi hicho, 1940 hadi 1948. Ziinueni dirishani: lazima muuone uzi kama mstari mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini. Usipoonekana, kuna kasoro.

Mwaka 1948 rangi za zamani zilirudi, na hapo pana jambo zuri la kulijua. Benki ilikuwa na akiba ya karatasi ya kabla ya vita isiyo na uzi, ikaitumia kwanza. Hivyo pauni za kijani za Peppiatt za baada ya vita ziko za aina mbili, zisizo na uzi na zenye uzi. Mtu asiyeinua noti kwenye mwanga hawezi kuzitofautisha kirahisi.

Ya O'Brien yenye Malkia ilitoka 17 Machi 1960. Hiyo ndiyo noti ya kwanza ya Bank of England kuwa na sura ya mtawala. Kabla yake ilikuwa Britannia peke yake, yule mwanamke aliyeketi na mkuki. O'Brien huyo huyo alitia saini pauni ya zamani ya Britannia kuanzia 1955, basi msimsikilize mtu anayewaambia "O'Brien ni O'Brien tu". Ya Newton ilitoka Februari 1978. Yenye saini ya Page ndiyo ya mwanzo, ya Somerset ndiyo ya baadaye, na noti zote za pauni moja za benki hiyo ziliacha kuwa fedha halali tarehe 11 Machi 1988, sarafu ya pauni ikiwa imeshachukua nafasi yake.

Kuhusu thamani tutasema ukweli, maana tunajua matumaini yanayokuja na bahasha ya marehemu. Newton na O'Brien zilichapwa kwa mamilioni mengi mno. Zikiwa zimekunjwakunjwa mfukoni, bei yake haiendi mbali na pauni moja yenyewe. Ya bluu na ya zambarau zina wanunuzi wengi zaidi, hasa zikiwa ngumu bila mikunjo. Kabla ya kuuza chochote, someni jibu letu kuhusu hali ya noti hapa chini.

SWALI: Nimeona mtandaoni noti za Uingereza zilizo nyeupe, zimechapwa upande mmoja kwa wino mweusi, kubwa kama karatasi ya barua. Taifa tajiri vile lilitumiaje noti inayofanana na risiti? (Msomaji, Nairobi)

Umesema vyema, kwa maana ilikuwa risiti kweli. Bank of England ilianzishwa 1694. Mtu aliyeweka dhahabu yake alipewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba benki inaahidi kumlipa kiasi fulani. Baadaye sehemu ya maneno ikachapwa, na kufikia 1745 kulikuwa na noti zilizochapwa nusu kuanzia pauni 20 hadi 1,000, karani akijaza jina na kutia saini. Pauni 20 wakati huo zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu wa kawaida. Noti haikuwa kitu cha kununulia mkate.

Vita ndivyo vilivyoishusha hadi mikononi mwa watu. Dhahabu ilipoadimika katika Vita vya Miaka Saba, ikatoka noti ya pauni 10 mwaka 1759. Vita na Ufaransa ya mapinduzi vikaleta pauni 5 mwaka 1793. Februari 1797 askari wachache wa Ufaransa wakatua Fishguard, Wales; watu wakakimbilia benki kudai dhahabu, serikali ikaizuia benki isilipe, na noti za pauni 1 na 2 zikachapwa haraka. Hazikuwa na ulinzi wowote wa maana. Fundi yeyote aliyejua kuchonga bamba la shaba aliweza kuziiga, na maskini wasiojua kusoma ndio walioshikwa nazo. Adhabu ilikuwa kitanzi: zaidi ya watu 300 walinyongwa kwa makosa ya noti bandia katika miaka hiyo na iliyofuata. Mchoraji George Cruikshank alitoa mwaka 1819 mchoro wa "noti" iliyopambwa kwa watu walioning'inia. Kwetu sisi hilo ndilo somo kubwa la historia ya noti hizi. Benki ilitoa karatasi dhaifu, na raia ndiye aliyelipa kwa shingo yake.

Noti nyeupe inayokusanywa sana leo ni ya baada ya 1853, pale makarani walipoacha kujaza majina na noti ikachapwa yote. Mwaka 1855 ikatiwa Britannia mpya aliyechorwa na Daniel Maclise, na picha hiyo ilidumu miaka mia na moja. Tangu 1870 saini ni ya Keshia Mkuu.

Kwa nini hawakuongeza rangi? Kwa sababu ulinzi wao waliuweka ndani ya karatasi. Ilitengenezwa Hampshire na familia ya Portal tangu 1724, kwa vitambaa vya kitani na pamba, nyembamba lakini ngumu. Ukiitikisa inalia kama jani kavu la mgomba. Ina alama ya maji, yaani alama iliyo ndani ya karatasi inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, ya mistari ya mawimbi na maneno. Ukingo mmoja umekatwa kwa kisu na mitatu imebaki na manyoyanyoya ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono. Usikubali mtu akuambie manyoya hayo ni uchakavu, wala usiyanyooshe kwa mkasi.

Noti nyeupe huwa na tarehe kamili, siku na mwezi na mwaka, na jina la mji. Nyingi ni za London, ila matawi kama Liverpool, Manchester, Leeds na Hull yalikuwa na noti zenye majina yao, na hizo ndizo zinazopiganiwa mnadani. Nyuma yake mara nyingi utakuta majina ya watu na mihuri. Wenye maduka walimtaka mlipaji aandike jina lake nyuma, ili noti ikigunduliwa kuwa bandia wajue pa kuanzia. Maandishi hayo hupunguza bei kidogo, lakini usithubutu kuyafuta.

Pauni tano nyeupe ya mwisho ina tarehe ya 20 Septemba 1956 na saini ya O'Brien. Februari 1957 ikaja ya bluu yenye Britannia aliyevaa kofia ya chuma, kazi ya Stephen Gooden, iliyochapwa pande zote mbili. Nyeupe ziliacha kuwa fedha halali Machi 1961.

SWALI: Nimeuziwa pauni tano nyeupe ya 1937. Jamaa mmoja anasema huenda ni ile ya bandia ya Hitler. Nifanyeje? (Msomaji, Birmingham)

Usiitupe hata ikiwa hiyo. Noti bandia za mpango ule ulioitwa Bernhard zina wakusanyaji wake.

Zilitengenezwa katika kambi ya wafungwa ya Sachsenhausen, Ujerumani, na wafungwa Wayahudi walioteuliwa kwa ufundi wao, chini ya Bernhard Krüger, afisa wa SS, kikosi cha chama cha Hitler. Kuanzia 1942 hadi 1945 walitoa karibu noti milioni 9, za pauni 5, 10, 20 na 50, zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 130. Kazi ilikuwa bora kiasi kwamba mwaka 1943 Bank of England iliacha kabisa kutoa noti za pauni 10 na kwenda juu. Pauni 10 haikurudi hadi 1964. Mzigo mwingine ulizamishwa ziwa Toplitz, Austria, na kuopolewa 1959.

Anza kwa kuondoa yasiyowezekana. Ikiwa noti ina uzi wa chuma, si ya Sachsenhausen, kwani pauni tano zenye uzi zilianza kutolewa 1945. Ya 1937 haina uzi, kwa hivyo huwezi kutoka kwa njia hiyo. Hatua ya pili ni kuitenga na takataka za kisasa, yaani nakala za kumbukumbu zinazouzwa kwa watalii. Zima taa za chumba, iwashie tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Karatasi ya kisasa ya ofisini inang'aa buluu-nyeupe kali. Karatasi ya zamani ya vitambaa hubaki hafifu. Kisha pitisha kidole nyuma ya maandishi mazito. Noti nyeupe za baada ya 1855 zilichapwa kwa herufi zilizoinuka zinazobonyeza karatasi, na mbonyeo huo husikika kidogo. Nakala iliyotolewa kwa mashine ya kawaida ni laini kama kioo pande zote.

Ikifaulu hapo, umebaki na mambo mawili: halisi au Bernhard. Kutofautisha hizi kunahitaji kioo cha kukuza mara 10 na noti halisi ya keshia yule yule pembeni, ukilinganisha mistari ya duara la Britannia, moja baada ya nyingine. Wafungwa wale walikuwa mafundi wa hali ya juu, na mwanga wa tochi hautakupa jibu la mwisho: Wajerumani waligundua mapema kwamba kitani kipya kilionyesha rangi tofauti chini ya mwanga huo, wakaanza kutumia matambara yaliyokwisha tumika. Hatushauri uamue mwenyewe kwa picha za simu. Mpelekee mfanyabiashara aliye mwanachama wa International Bank Note Society, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1961, na uombe maoni yake kwa maandishi.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi na naanza kukusanya. Wauzaji wanaandika UNC, EF, VF, F. Ninajuaje wanasema kweli? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanetu. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

UNC ni noti ambayo haijawahi kukunjwa wala kuhesabiwa kwa vidole vya watu: pembe nne kali, karatasi ngumu, rangi mbichi. EF ina mkunjo mmoja wa wazi, au miwili mitatu hafifu. VF imetumika, ina mikunjo kadhaa, lakini bado ina ugumu ukiishika. F imelainika kama kitambaa, ina uchafu, ila haijapasuka vibaya. Chini ya hapo, VG na kuendelea, ni noti zilizochoka: kingo zimechanika, kuna matundu katikati pale mikunjo miwili inapokutana. Wanaotoa alama kwa namba hutumia kipimo kinachoishia 70.

Ili uhakiki, unahitaji taa ya mezani, kioo cha kukuza mara 10 na rula ya milimita. Usiangalie noti kwa mwanga wa juu. Ilaze mezani, ishushe taa hadi mwanga uje kutoka pembeni, karibu sambamba na karatasi. Kila mkunjo utatupa kivuli, hata ule uliokuwa umenyooshwa. Kisha iinue uangalie dhidi ya mwanga: matundu ya pini, nyufa zilizogundishwa, na sehemu zilizokonda zitaonekana.

Hila ni tatu. Ya kwanza ni kupiga pasi au kubana noti katika vitabu vizito ikiwa na unyevu. Noti iliyopigwa pasi inaonekana bapa mno. Kwenye noti halisi ambayo haijaguswa, wino wa picha umeinuka na namba zimebonyea kidogo upande wa pili. Pasi huua vyote viwili. Hila ya pili ni kuosha. Sabuni ya unga ya kufulia ina kemikali za kung'arisha nguo, na kemikali hizo hung'aa kwenye tochi ya urujuanimno. Noti ya 1948 inayong'aa kama shati jipya imepita kwenye beseni. Ya tatu ni kupunguza kingo zilizochakaa kwa wembe. Hapo rula ndiyo shahidi. Pauni ya Britannia ya 1928 hadi 1960 ni milimita 151 kwa 84. Shilingi kumi ya wakati huo ni 138 kwa 78. Pauni ya Malkia ya 1960 ni 151 kwa 72, ya Newton ni 134 kwa 66. Tofauti ndogo ya ukataji ni ya kawaida, lakini upungufu wa milimita 2 upande mmoja, huku pambizo la upande huo likiwa jembamba kuliko la pili, ni wembe.

Kwa mwanafunzi ushauri wetu ni huu: chagua aina moja, kwa mfano pauni moja kuanzia Mahon hadi Somerset, na ununue chache zilizo safi. Noti kumi zilizochoka zinapendeza siku ya kwanza tu, na hakuna atakayezinunua kwako.

SWALI: Nimeona baadhi ya namba za noti zinaanza na M, na nyingine nyuma zina herufi ndogo G. Zina maana gani? (Msomaji, Kampala)

Karatasi iliyoharibika kiwandani ilibidi ijazwe pengo lake, na badala ya kuchapa upya namba ile ile, benki iliweka noti mbadala yenye namba ya pekee. Kwenye noti nyingi za miaka ya 1960 na 1970 alama ya mbadala ni M mwanzoni. Kuanzia kizazi cha pauni tano yenye picha ya George Stephenson, 1990, ni LL. Zipo chache, kwa hivyo huuzwa kwa bei ya juu. G ndogo iko nyuma ya baadhi ya pauni za Hollom na Fforde, na inaonyesha zilichapwa kwa mashine ya Goebel. Itafute kwa kioo. Wauzaji wengi wa reja reja hawaijui.

SWALI: Sisi tuko Zanzibar, hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Noti zangu zimeanza kuwa na madoa ya kahawia na moja imenata kwenye plastiki. Fundi wa steshenari amenishauri nizilamineti. (Msomaji, Mkunazini)

Tafadhali usilamineti. Lamineti huyeyusha gundi juu ya karatasi kwa joto, na haitoki tena bila kuichana noti. Noti iliyolaminetiwa haina bei ya mkusanyaji.

Iliyonata inawezekana sana ilikuwa kwenye mfuko wa PVC, ile plastiki laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo ina mafuta ya kuilainisha, na kwa joto letu mafuta hutoka, huinatisha noti na kuvuta wino. Usiivute. Kata mfuko pembeni kwa mkasi mdogo uufungue kama kitabu, uiache noti mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, kisha jaribu kuinua kona moja kwa kadi nyembamba. Ikigoma, iache ilivyo na sehemu hiyo ya plastiki. Nunua mifuko ya poliesta, inayouzwa kwa majina ya Mylar au Melinex: ni migumu, inang'aa kama kioo, haina harufu. Kipimo chepesi cha mtu wa kawaida ni pua yako.

Madoa ya kahawia yako ya aina mbili. Yaliyo na umbo la duara dogo au mstari mfupi ni kutu ya pini, klipu au stepla. Ondoa chuma mara moja, doa liache. Yaliyotawanyika kama vumbi la binzari ni kuvu, na kuvu hustawi unyevu ukivuka asilimia 65. Lengo lako ni asilimia 40 hadi 50. Huhitaji chumba chenye kiyoyozi, unahitaji chombo. Chukua boksi la plastiki ngumu lenye mpira kwenye mfuniko, weka ndani mifuko ya noti ikiwa imesimama bila kubanana, pamoja na vijifuko vya silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, vyenye jumla ya gramu 50 kwa boksi la lita 5, na kipimo kidogo cha unyevu. Silika ya rangi ikibadilika, itoe kwenye kifuko, ioke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, irudishe. Wakati wa masika utafanya hivyo mara nyingi zaidi. Ukiikausha hewa mno, chini ya asilimia 30, karatasi ya zamani hukakamaa na kuvunjika kwenye mikunjo.

Vidonge vya kufukuzia nondo usiviweke ndani ya boksi, mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Mende na wadudu wa karatasi hufuata gundi na mafuta ya vidole, kwa hiyo osha mikono, ikauke kabisa, ndipo ushike noti kwa kingo. Na kama kuna selotepu ya zamani, hiyo pia iache. Anayeibandua ovyo huondoka na uso wa noti.

SWALI: Mimi niko Maskati. Nimeonyeshwa noti ya Kiingereza ya shilingi kumi iliyoongezewa maandishi ya herufi za Kiarabu. Muuzaji anasema ilitumika Uarabuni. Ni kweli? (Msomaji, Maskati)

Herufi ni za Kiarabu, lugha ni Kituruki cha Waosmani. Soma vizuri utaona inataja kurushi, sarafu ya Waosmani, 60 za fedha. Kwenye pauni moja ni 120. Noti hizo zilipigwa chapa juu kwa ajili ya majeshi ya Uingereza katika vita vya Dardanelles, mlangobahari wa Uturuki, 1915.

Noti ya chini yake nayo ina habari. Vita vilipoanza Agosti 1914, serikali haikutaka dhahabu itoke benki kwenda mikononi mwa umma, na Bank of England haikuwa na noti ndogo. Hazina ikatoa zake: pauni moja tarehe 7 Agosti, shilingi kumi wiki moja baadaye, zikiwa na saini ya John Bradbury, katibu wa Hazina. Haraka ilikuwa kubwa kiasi kwamba za kwanza zilichapwa kwenye karatasi ya stempu za posta. Toleo la pili, lililoanza mwishoni mwa 1914, ndilo lililopigwa chapa ya Dardanelles.

Ni noti ya gharama, na walaghai hununua Bradbury ya kawaida ya toleo la pili wakaongeza maandishi. Uangalie wino wa maandishi hayo kwa kioo: chapa ya kweli imetulia ndani ya karatasi na inapita chini ya uchafu na mikunjo ya miaka. Wino unaokaa juu ya mkunjo, au uliojaza ufa wa zamani, umewekwa baada ya noti kuchakaa.

Ukipata za toleo la tatu, usome jina la nchi. Kufikia 1927 maneno ya "Ireland" yalibadilishwa kuwa "Northern Ireland", kufuata kujitenga kwa Dola Huru ya Ireland. Saini hapo ni ya Warren Fisher, aliyemfuata Bradbury Hazina.

SWALI: Noti za shilingi za East African Currency Board zenye Mfalme George ni za Uingereza au ni zetu? Na je, Benki ya Uingereza inabadilisha noti za zamani? (Wasomaji kadhaa, Mombasa na Dar es Salaam)

Ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Zilichapwa Uingereza, lakini hazikuwa fedha ya Uingereza na Bank of England haizilipi. Kuanzia 1921 kipimo kilikuwa shilingi, 20 zikiwa sawa na pauni moja, ndiyo maana noti ya shilingi 20 imeandikwa pia pauni 1. Nyingi zina tarehe na mji: za kwanza zimeandikwa Mombasa, za kuanzia 1933 Nairobi. Noti ya shilingi moja ya 1943 ilitolewa wakati wa vita na mara nyingi hukutwa imechoka. Za Malkia za mwishoni hazina tarehe. Mwaka 1964 sura ya mtawala ikaondolewa ikawekwa picha ya mashua ziwani, na 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zikaanzisha kila moja benki kuu yake. Zanzibar ilikuwa na noti zake za rupia tangu 1908, zilizochapwa na Waterlow & Sons, hadi ilipoingia kwenye Bodi mwaka 1936. Ukiona ya Zanzibar inauzwa kwa bei ya chai, kaa mbali.

Noti halisi za Bank of England zenyewe, za mwaka wowote, benki hiyo huzilipa daima kwa thamani iliyoandikwa juu yake, kwenye ofisi yake Threadneedle Street au kwa posta, ukijaza fomu na kuambatisha kitambulisho. Shilingi kumi utalipwa peni 50, kwani tangu 15 Februari 1971 pauni ina peni 100. Hesabu gharama ya posta kabla hujafunga bahasha. Noti za Scotland na Northern Ireland hazihusiki hapo; hizo hulipwa na benki zilizozitoa. Na noti nyeupe usiipeleke kaunta kamwe: watakupa pauni 5 kwa kitu ambacho mkusanyaji, hata ikiwa imeandikwa majina nyuma, atakulipa mara nyingi zaidi.